Mateka anayerudi mwenyewe kufa: ngoma ya Rabinal Achí

Swali la msomaji: "Ninafundisha Fasihi Simulizi kidato cha tano. Mwanafunzi wangu aliniuliza kama wenyeji wa Amerika walikuwa na tamthilia yao kabla Wahispania hawajafika. Katika kutafuta nikakutana na Rabinal Achí ya Wamaya wa Guatemala. Nilichosoma kimenichanganya. Adui anakamatwa, anashtakiwa kwa kuwadhuru watoto wa watu, halafu anapewa kinywaji cha mfalme, anacheza na binti wa kifalme, kisha anauawa. Hii ni historia, ni ibada, au ni tamthilia? Na mtu wa aina hiyo anaheshimiwa kwa lipi?"

Mwalimu, swali lako la kwanza lina jibu ambalo Kiswahili kinalitoa kwa urahisi kuliko lugha nyingi za Ulaya. Jibu ni ngoma. Sisi tukisema ngoma tunaweza kuwa na maana ya chombo kinachopigwa, ya uchezaji wenyewe, ya shughuli nzima tangu jioni hadi kunakucha, na kwa watu wa pwani hata ya uganga wa mwenye pepo. Hatuoni haja ya kuvitenganisha. Watu wa Rabinal nao hawatenganishi. Jina lao la asili kwa kitu hiki ni Xajooj Tun (hiyo x hutamkwa kama sh yetu). Xajooj ni uchezaji. Tun ni gogo lililochongwa mvungu ndani na kupasuliwa juu likabaki na ndimi mbili zinazotoa sauti mbili tofauti. Jina Rabinal Achí, yaani "Mwanamume wa Rabinal", ni la mhusika mmojawapo, nalo limevuma zaidi kwa sababu ya kitabu nitakachokieleza baadaye.

Rabinal ni mji mdogo katika bonde la Baja Verapaz, Guatemala. Wenyeji wake ni Waachi, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kik'iche', lugha ya Wak'iche', taifa jingine la Wamaya waliokuwa jirani zao. Juu ya mji, kilimani, yapo magofu ya ngome ya Kajyub', iliyokuwa makao ya watawala wao katika karne ya 15. Hadithi yote inatokea pale. Mtazamaji wa Rabinal akisikia jina Kajyub' likitamkwa anaweza kuinua macho akakiona kilima chenyewe. Nakuomba usilisahau hilo tunapoendelea, kwa sababu kwa watu hawa jukwaa na mahali pa tukio ni kitu kimoja.

Sasa kisa. Rabinal iliwahi kuwa chini ya dola ya K'iche', kisha ikajitenga, na waliokuwa washirika wakawa maadui. Shujaa wa upande wa pili, K'iche' Achí, wa ukoo wa Kaweq, mwana wa mtawala wa K'iche', anajitokeza akitoa vitisho. Rabinal Achí anamtupia kamba na kumnasa. Vita yenyewe imekwisha hapo, mwanzoni kabisa. Kilichobaki ni maneno. Mashujaa wawili wamesimama, mmoja amefungwa kamba na mwingine ameishika, wanasemezana kwa muda mrefu sana.

Mateka anasomewa makosa yake. Aliiga sauti za wanyama wa porini ili kuwavuta watu watoke nje ya ngome. Aliharibu miji. Alimvamia mfalme Job' Toj alipokuwa akioga, akamteka na kumfungia ndani ya kuta za mawe mpaka Rabinal Achí alipokwenda kumtoa. Na aliwagusa "watoto" wa Rabinal. Neno hilo limewasumbua watafsiri wengi, ila wewe litakuingia mara moja. Kwa Kik'iche', raia wa mtawala huitwa kwa maneno mawili yaliyounganishwa, al na k'ajol, yaani mtoto kwa mama na mtoto kwa baba. Ndivyo sisi tulivyopata wananchi, wana wa nchi. Kwa hiyo shtaka la kuwadhuru watoto linabeba maana zote mbili: watoto wadogo, na watu wote walio chini ya ulinzi wa mfalme. Kwa sheria yao hilo lilikuwa kosa zito mno.

Mateka naye hakai kimya. Anahesabu vilima alivyopita, anataja mipaka aliyoiweka, anasimulia vita alivyopigana na uchungu wa kunyimwa alichostahili. Mwalimu, wanafunzi wako wanajua jina la kauli za namna hii: majigambo. Ni mwanamume kujisifu mbele ya hadhira, kwa nafsi ya kwanza, akitaja mahali na matendo, kama Wahaya wafanyavyo mbele ya mkama. Ukishayasoma maneno ya K'iche' Achí kama majigambo, mambo mengi yanayowashangaza wasomaji wa Ulaya (urefu, marudio, orodha ya majina ya milima) yanakaa mahali pake.

Lipo jambo jingine katika usemaji wao ambalo mimi naliona ndilo uti wa mgongo wa kazi hii. Kabla mmoja hajajibu, anarudia kwanza aliyoyasema mwenzake. Humwita adui kwa heshima kama shujaa, kisha humwambia: haya ndiyo maneno uliyoyasema mbele ya mbingu, mbele ya ardhi. Anayarejea yale maneno karibu kama yalivyotoka, halafu ndipo anatoa yake. Wakosoaji wa zamani waliona uchovu tu hapo. Mimi naona mahakama. Katika mahakama isiyo na karatasi, kurudia maneno ya mshtakiwa ndiyo njia ya kuyaandika. Unamthibitishia mbele ya mashahidi wote, mbingu na ardhi zikiwemo, kwamba umemsikia. Hakuna anayehukumiwa kabla maneno yake hayajapita katika kinywa cha adui yake.

Kisha anapelekwa mbele ya Job' Toj. Anatakiwa anyenyekee anapoingia, anakataa, na kwa kitambo anaonekana yu tayari kumpiga mfalme mwenyewe. Anayemzuia ni mtumishi wa nyumbani, mhusika wa ajabu aitwaye Achij Mun Ixoq Mun, mwenye sifa za kiume na za kike kwa pamoja. Hapo ndipo yanapoanza yale yaliyokuchanganya. Mateka anaomba kuonja chakula na kinywaji cha mfalme, anapewa. Anaomba nguo iliyofumwa kwa ustadi, anapewa. Anaomba kucheza na binti wa kifalme, anayeitwa Mama wa Manyoya ya Kijani, yale manyoya ya ndege quetzal yaliyokuwa na thamani kuu kwa Wamaya. Anakubaliwa. Anaomba kupambana na tai na chui, yaani mashujaa wa ngome ya Kajyub', nalo analipata. Kila mara anapopewa kitu, anakilinganisha na cha kwao milimani, tena bila woga wa kukidharau.

Ombi la mwisho ni tofauti. Anaomba siku 13 mara 20 na usiku 13 mara 20, akaziage milima na mabonde ya kwao, mahali alipokuwa akitembea kutafuta riziki. Hakuna anayemjibu. Katika kazi ambayo kila neno hurudiwa kabla ya kujibiwa, ombi hili pekee linaachwa hewani. Mateka anatoweka kidogo machoni mwa watu, kisha anarudi. Anarudi mwenyewe, bila kamba.

Hesabu hiyo, 13 mara 20, inatoa 260, na 260 ndiyo idadi ya siku katika kalenda takatifu ya Wamaya, ile ambayo wataalamu wao wa siku wanaitumia hadi leo katika nyanda za juu za Guatemala. Ameomba mzunguko mzima wa siku zote zenye majina. Na kwenye kalenda hiyohiyo ndipo linapotoka jina la mfalme. Job' ni tano, Toj ni jina la siku. Toj maana yake ni malipo, deni linalolipwa, na ndiyo siku ya kutoa sadaka. Mateka analetwa kujibu mbele ya mtawala ambaye jina lake lenyewe ni Malipo.

Sasa niende kwenye swali lako la pili, la heshima. Anayeuawa katika ngoma hii ni sadaka, na sadaka haitolewi kwa kitu duni. Tukisema kafara kwa Kiswahili tunaelewa kwamba mnyama hukaguliwa, mwenye kilema hafai. Rabinal Achí na mfalme wake hawampi K'iche' Achí kinywaji kwa sababu wamemsamehe. Wanampa kwa sababu ukubwa wake ndio unaofanya deni lilipike. Adui wanayemdhalilisha angekuwa amekufa bure tu. Lakini nadhani kuna zaidi ya hapo, na hapa nasema kwa maoni yangu. Karibu nusu ya maneno ya ngoma ya Rabinal ni ya mtu wa K'iche'. Watu wa Rabinal wamebeba kwa kichwa, kizazi kwa kizazi, utetezi wa adui yao: milima yake, machungu yake, fahari yake. Hotuba nzuri kuliko zote ni yake. Karibu na mwisho anatamani laiti angekuwa kama kindi, au kama ndege yule, ambao hufa juu ya tawi la mti, palepale walipopatia chakula chao. Ni shujaa aliyevikwa mavazi ya heshima anayemwonea wivu kindi, kwa kuwa kindi anafia kwao. Hakuna mshindi anayemtungia adui maneno kama hayo ikiwa anamchukia tu.

Kifo chenyewe hakina damu. Anapiga magoti, wengine wanamzunguka wakicheza na kuigiza kwa shoka zao. Halafu anainuka, na wote wanacheza pamoja, aliyeuawa na waliomuua.

Swali la mwanafunzi wako linagusa pia umri wa ngoma hii. Hapa kuna tabaka tatu, na makosa mengi ya mtandaoni yanatokana na kuzichanganya. Mambo yanayosimuliwa ni ya karne ya 15, miongo kadhaa kabla kamanda wa Kihispania Pedro de Alvarado hajaingia na majeshi yake nchi ya Wak'iche' mwaka 1524. Uchezaji wenyewe ulipita katika ukoloni, na njia haikuwa laini. Mji wa Rabinal uliwekwa pale ulipo na mapadri Wadominiko wa kundi la Bartolomé de las Casas katika miaka ya 1530. Hao walisema wangewaingiza wenyeji katika Ukristo bila upanga, ndipo eneo likaitwa Verapaz, "amani ya kweli". Lakini katika karne ya 16 na ya 17 wakuu wa kanisa na serikali walipiga marufuku ngoma za tun tena na tena, hasa zile zilizoigiza mateka kutolewa kafara. Marufuku inayorudiwa mara nyingi ni ushahidi mzuri kwamba haikutiiwa.

Tabaka la tatu ni maandishi. Mwaka 1855 alikuja Rabinal padri Mfaransa, Charles Étienne Brasseur de Bourbourg, aliyekuwa na shauku kubwa ya lugha na maandiko ya Wamaya. Mzee wa mji, Bartolo Sis, mwenye dhamana ya ngoma hiyo, alimpa maneno yake. Brasseur anasema aliandika kwa imla, ingawa watafiti wa baadaye wameona dalili kwamba palikuwa na maandishi mkononi. Ngoma ikachezwa Januari 1856, na mwaka 1862 Brasseur akachapisha maneno yake mjini Paris, kwa lugha yenyewe na kwa Kifaransa, pamoja na sarufi ya Kik'iche'. Ndipo dunia ikalijua jina Rabinal Achí. Rabinal nako walikuwa na nakala zao. Iliyo maarufu iliandikwa na Manuel Pérez mwaka 1913, na wasomi kama Alain Breton na Dennis Tedlock wameitegemea kuliko ya Brasseur, kwa kuwa ni ya watu wenyewe kwa matumizi yao wenyewe.

Kwa hiyo ukimjibu mwanafunzi wako, mwambie hivi: nakala ya kwanza iliyochapishwa ni ya karne ya 19, kisa ni cha karne ya 15, na ndani ya maneno yake hakuna Mungu wa Wakristo wala Mhispania hata mmoja. Hilo la mwisho ni la kustaajabisha. Ngoma nyingine nyingi za Guatemala, kama ile ya Ushindi ambamo shujaa wa K'iche' Tecún Umán anauawa na Alvarado, zilitungwa au kuundwa upya chini ya mapadri, na ushindi ndani yake ni wa msalaba. Katika Rabinal Achí hakuna mgeni. Mwanzo hadi mwisho ni Wamaya wanaohukumiana kwa sheria yao.

Pamoja na hayo, siku yake ni ya Kikristo. Huchezwa kila mwaka kwenye sherehe za msimamizi wa mji, zinazofikia kilele tarehe 25 Januari, sikukuu ya Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo, na zinasimamiwa na kofradia, yaani vyama vya waumini vinavyobeba jukumu la sherehe za mji. Wapo wanaoliona hili kama kinyago kilichovalishwa ibada ya kale ili padri asiitambue. Sidhani kwamba linatosheleza. Watu wanaowasha mshumaa kanisani na kupanda kilimani kuomba ruhusa kwa wahenga hawamdanganyi mtu. Wanatimiza wajibu wa pande mbili, kama familia nyingi za kwetu zinavyosoma misa ya marehemu na kufanya tambiko kaburini wiki hiyohiyo.

Na wajibu huo ni mzito. Kabla ya kucheza, wahusika hujiepusha na tendo la ndoa kwa muda, na mtaalamu wa maombi huenda kwenye milima inayotajwa katika kisa akaombe idhini, kwa mishumaa, pombe na moshi wa kopali. (Kopali ni utomvu wa miti ya kwao. Wafanyabiashara wa Ulaya walichukua neno hilo la Kimeksiko wakaibandika nalo sandarusi yetu ya mwambao, iliyokuwa bidhaa kubwa ya Zanzibar katika karne ya 19. Miti ni tofauti, jina la biashara moja.) Wanaoombwa idhini ni rajawal, wahenga wenye mahali pale. Vinyago vya mbao wanavyovaa wachezaji ndiyo sura za wahenga hao. Anayekivaa anakuwa amekutana nao, na anajua kwamba siku moja atakuwa mmoja wao. Kinyago hufanya sauti ikwame ndani, na mtazamaji wa nyuma hasikii kila neno. Kwa tamthilia ya ukumbini hiyo ingekuwa kasoro. Hapa wasikilizaji wakuu wako kwingine.

Muziki nao ni mchache na mkavu: tun moja na tarumbeta mbili. Unapigwa, wachezaji wanazunguka, unanyamaza, mmoja anasema, unapigwa tena. Maneno na ala havikanyagani.

Ngoma hii imeishi kwa sababu familia chache zimekubali gharama yake. Kwa miaka mingi mlezi wake alikuwa Esteban Xolop, na baada yake mkwewe José León Coloch. UNESCO iliitangaza kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu mwaka 2005 na kuiingiza katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008. Ilitaja wazi hatari mbili: umaskini wa wenye ngoma, na uwezekano wa kugeuzwa onyesho la kuwafurahisha wageni. Hiyo ya pili ndiyo inayonitia hofu. Umaskini watu wa Rabinal wameuzoea kupambana nao. Ukishaondoa idhini ya mlimani na ukabakisha manyoya na tarumbeta, kilichobaki hakina mtu wa kumlipa deni.

Siwezi kumaliza bila kutaja miaka ya 1980, kwa sababu anayeitazama ngoma hii leo Rabinal anaitazama akiwa na miaka hiyo kichwani. Katika vita vya ndani vya Guatemala, jeshi na wanamgambo waliwaua Waachi wengi sana katika eneo hilo. Tarehe 13 Machi 1982 waliuawa wanawake na watoto wa Río Negro, jamii iliyokataa kuhamishwa kupisha bwawa la Chixoy. Tarehe 18 Julai mwaka huohuo ikawa zamu ya kijiji cha Plan de Sánchez, na mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Amerika ililitia hatiani taifa la Guatemala kwa mauaji hayo. Makumbusho ya jamii pale mjini, yanayohifadhi kumbukumbu na picha za waliouawa, yanaitwa Rabinal Achí. Mji ulipotafuta jina la nyumba ya wafu wake, ulichagua la shujaa anayemwuliza adui mbele ya mbingu na ardhi: uliwafanya nini watoto wetu?

Kuhusu darasa lako: usiwavalishe wanafunzi vinyago wala usiwaigizishe kifo. Chukua mabishano ya mwanzo tu. Wasimamishe wawili wakitazamana, wape kamba washike ncha mbili, na uweke sharti moja, kwamba hakuna anayejibu kabla hajarudia aliyoambiwa mpaka mwenzake akubali kuwa ndivyo alivyosema. Wataanza kwa kucheka. Ikifika zamu ya tatu au ya nne watakuwa wamepunguza sauti. Kisha mmoja na aombe siku 260 za kwenda kuaga kwao, na uwaambie darasa zima wasimjibu.